Mhandisi Mkongwe

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Usishtuke kuona karatasi. Najua utasema huyu mtoto amesomea kompyuta miaka yote hiyo, halafu anarudi kwenye kalamu na bahasha. Nina sababu. Simu yangu ni ya ofisi, barua pepe ni ya ofisi, na mitambo inayopitisha vyote viwili inasimamiwa na watu ninaokaa nao meza moja. Siku hizi siwaamini. Kwenye simu tutaulizana hali ya jicho lako tu. Mengine nitakuandikia na kuyatuma kwa gari la vifurushi.

Nilikuambia kwamba wakurugenzi wanatafuta mkuu mpya wa kitengo cha mifumo, na kwamba jina lililopendekezwa ni langu. Basi wakaniomba niandike kidogo kwenye ule mtandao wa wataalamu, ule ambao watu huweka picha wamevaa koti na kueleza wanafanya kazi gani na wapi. Nieleze mfumo wetu wa maghala ya dawa, ule unaoiambia hospitali dawa wanayoitaka iko ghala lipi kabla hawajatuma gari. Mfumo ule nimeuandika mimi, dada. Wenzangu wamesaidia huku na huku, lakini mifupa yake ni yangu. Nikaandika, nikaweka na picha yangu nimesimama mbele ya mitambo.

Mwanzoni zilikuja pongezi. Kisha akatokea mtu anayejiita Mhandisi Mkongwe. Mahali pa uso ameweka picha ya koleo ya kubania nyaya. Akaandika: "Mfumo mzuri. Sasa tunaomba kuonana na mwanaume aliyeuandika." Kesho yake: "Kwa sura hiyo hata mimi ningempitisha kwenye usaili bila kumuuliza swali." Kisha: "Aulizwe ni nani aliyemshikisha kipanya cha kompyuta mara ya kwanza."

Yeye kajificha. Wanaomshangilia hawajajificha. Wana majina yao, picha zao, vyeo vyao. Niliosoma nao wamo. Mmoja ambaye nilimsaidia mradi wake wa mwisho chuoni ameandika, "Mwacheni dada wa watu, akiolewa ataacha mwenyewe." Nimemtazama kwenye picha yake, anatabasamu kweli.

Sasa wakurugenzi wamesogeza mbele tangazo mpaka kelele zitulie. Kelele wanapiga wengine, kusubiri ninaambiwa mimi. Na kuna maneno kwamba zisipotulia watamleta mtu wa nje. Wakimleta, nitakaa chini yake nikimfundisha mfumo nilioutengeneza mwenyewe. Sitaweza, dada. Nitaondoka, na sijui nitaenda wapi na jina lililokwisha kuchafuliwa.

Ninamshuku jirani yangu wa meza. Kwetu hakuna anayeingiza kazi yake kwenye mfumo kabla mwingine hajaisoma, na yeye ndiye husoma ya kwangu, kwa hiyo tunamwita Bwana Mapitio. Cheo hiki alikitaka. Asubuhi ananiamkia kwa adabu mno.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku tulipouzindua ule mfumo ulisimama ghafla, hospitali zote zikakosa majibu. Niliingia chumba cha mitambo, nikakaa sakafuni, nikalia. Aliyeniona ni fundi umeme wa jengo peke yake. Akaweka chupa ya maji karibu yangu akatoka. Nikanyanyuka, nikalitafuta kosa, nikalipata. Lakini ninaogopa siku hiyo itajulikana, maana wanaume wakikwama huambiwa wamechoka, mimi nitaambiwa siwezi.

Nijibu kabla hujapasuliwa jicho, kama unaweza.

Mdogo wako,
Kitinda


13 Machi

Kitinda wangu,

Mwandiko huu si wangu, umeshautambua. Nilichelewa kukujibu wakanipasua kwanza. Jicho la kulia wamelifunika, la kushoto bado lina ukungu kama kioo cha bafuni. Daktari amenikataza kusoma, kushona, kuinama na kununa. (Hilo la kununa nimeliongeza mimi. Mwandishi.) Basi shemeji yako ndiye macho yangu. Amenisomea barua yako mara mbili, mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe.

Nililia niliposikia ulikaa sakafuni. Nililia kwa jicho moja, la pili limefungwa, kwa hiyo nakudai nusu ya machozi.

Sasa nisikilize. Nilipoanza kushona suti za wanaume, mafundi wenzangu walikuwa wanapita dirishani wanauliza kwa sauti, eti bwana arusi gani huyo atakayevaa mabega yaliyopimwa na mwanamke. Nilinyamaza nikaendelea kupima. Leo watoto wao wananiletea vitambaa. Usiniambie ni enzi nyingine, maneno ni yaleyale, wamebadilisha dirisha tu. Kwa hiyo wewe usiondoe andiko lako wala picha yako. Ukiiondoa watasema umekiri.

Huyo Bwana Mapitio nami simpendi na sijamwona. Mtu anayelipwa kutafuta makosa yako hawezi kukutakia mema asubuhi akawa na nia safi. Tena tazama wote wanaokaa karibu nawe, wanaokupa maji, wanaokuchekea kwa upole. Kikulacho ki nguoni mwako, Kitinda. Adui wa mbali hajui pa kukuchoma. (Mwandishi amesimama kidogo kunywa maji.)

Hapa nyumbani tuko salama. Wateja nimewaambia wasubiri, wawili wamekasirika, mmoja ameniletea matunda. Shemeji yako naye bado anahangaika. (Sehemu hii inahusu kazi yangu na haina maana, nimeiruka. Mwandishi.)

Niandikie kila linalotokea, usinifiche. Sina la kufanya zaidi ya kukaa kitini na kukuwaza, na mtu anayekaa kitini hukisia mabaya kuliko yaliyopo.

Dada yako,
Fundi wa suti, kwa mkono wa mumewe

Shemeji, hapa ni mimi sasa. Usiyape uzito yale ya mtandaoni. Kule ni kijiweni, watu wanapiga soga. Nyinyi wasomi mmezoea kusifiwa, utani mdogo mnaona mmetukanwa. Na huyo anayeuliza nani alikushikisha kipanya, mjibu ni mimi, unitangazie biashara.


24 Machi

Dada yangu,

Pole na jicho. Shemeji, asante kwa kuwa kalamu yake, ila usiruke kitu. Dada akisema, andika.

Mambo yamekuwa mabaya zaidi. Wiki iliyopita Mhandisi Mkongwe aliandika: "Muulizeni alikuwa ameketi wapi siku mfumo wake uliposimama. Mkuu wa kitengo anayelia sakafuni, tutamletea mkeka?" Aliyeniona siku ile alikuwa fundi umeme. Tangu hapo akinisalimia ninapita kama sikusikia. Siku ya tatu akaacha kunisalimia. Sijui kama nimemwonea, lakini ni nani mwingine?

Na kuna hili. Chini ya maneno yale, kati ya waliobonyeza kidole gumba kuonyesha wamependezwa, nimekuta jina la mkurugenzi wa ufundi. Huyuhuyu atakayeamua juu yangu. Nilipomuuliza alisema kidole kiliteleza. Sikumwambia kwamba kidole hicho hakijateleza hata mara moja kwenye kazi zangu nzuri.

Dada, nimekuwa mtu wa ajabu. Nikisikia watu wanacheka kwenye korido ninapunguza mwendo nisikie wanacheka nini. Nikitoka mezani ninafunga kompyuta, ninarudi kuhakikisha nimeifunga. Jana msichana wa mapokezi aliniambia nimependeza, nikamuuliza ana maana gani. Maskini, akabaki amekodoa macho.

Basi nimeamua kufanya kama tunavyofanya mfumo ukiugua. Hatugusi vyote kwa pamoja. Tunabadilisha kitu kimoja, tunatazama kinachotokea. Kwa hiyo kila ninayemshuku nimempa uongo wake peke yake. Bwana Mapitio nimemwambia kampuni ya nje inaniita. Fundi umeme nilimsimamisha makusudi nikamwambia ninahamia kwa wazazi. Mkurugenzi nimemwambia ninafikiria kurudi chuoni mwaka mmoja. Sasa ninasubiri ni uongo upi utaokotwa na Mhandisi Mkongwe. Ukitoka tu mdomoni mwake, nitajua aliupata kwa nani.

Wewe nikupe la kweli, lakini libaki humo ndani. Nimeanza kufundishwa hesabu upya, kila Jumamosi, na mwalimu mmoja mstaafu. Nikipata cheo nitakaa na watu wa takwimu na ninaogopa kuumbuka. Usinicheke.

Mdogo wako,
Kitinda


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeipokea barua yako na nimeitafakari kwa kina. Nimeona nikushauri kama mkubwa wako.

Cheo si kila kitu katika maisha. Pembeni nako pana heshima. Mwanamke akisukumana na wanaume mlangoni, hata akiingia huwa ameingia amechanika. Wewe bado kijana, una nafasi ya kujenga familia, na kazi unayo. Waandikie wakurugenzi kwamba umejitoa kwa hiari yako. Watu watakusifu kwa busara na kelele zitakwisha zenyewe. Hakuna atakayekumbuka.

Kuhusu mitego yako, iache. Kumtafuta mtu aliyefanya utani mtandaoni ni kujichosha. Huenda ni mtu mwenye machungu yake, aliyefanya kazi hizo kabla yenu na hakuna aliyemtambua.

Usipige simu kwa sasa, mlio wake unanipa maumivu ya kichwa.

Dada yako


15 Aprili

Shemeji,

Kwenye bahasha nimeandika jina la dada, kama kawaida, lakini barua hii ni yako. Wewe ndiye unayefungua. Nikipiga simu unapokea wewe na kuiweka kwenye spika, kwa hiyo sina njia ya kumfikia dada yangu isiyopita mikononi mwako. Na wewe sina njia ya kukufikia peke yako ila hii.

Jumatano Mhandisi Mkongwe ameandika: "Mkuu wetu mtarajiwa anasomeshwa hesabu za shule kila Jumamosi na mzee mstaafu. Tumpe kitengo au tumpe daftari?"

Sisomi hesabu popote, shemeji. Jumamosi ninalala mpaka jua linaingia dirishani. Hakuna mwalimu mstaafu. Nilitunga. Ule wa kampuni ya nje haujatoka, wa kuhama haujatoka, wa chuo haujatoka. Wa hesabu niliwapa nyinyi tu, na niliwapa kwa aibu, maana kazi yangu imenifundisha kupima hata kile ninachokiamini. Nilitaka nyumba yenu itoke safi ili niendelee kuwashuku wengine kwa raha.

Nikayasoma maoni yote upya, kama ninavyosoma kazi ya mtu kabla haijaingia kwenye mfumo. La sakafu nilikuwa nimeliandika kwenye barua yangu ya kwanza. Fundi umeme wa watu nilimnyima salamu bure. La kipanya nalo, ni nani mwingine duniani angeuliza? Hata koleo ile ninaifahamu. Mpini wake mmoja umefungwa utepe mweusi. Ilikuwa kwenye kibanda chako cha kutengeneza kompyuta.

Na barua ya tarehe mbili umeiandika peke yako. Dada yangu hawezi kujaza ukurasa mzima bila kunitania. Wala hawezi kuniambia pembeni pana heshima. Yeye hajawahi kukaa pembeni.

Najua machungu yako yalipoanzia. Mwaka jana ulipokuja kuomba kazi kwetu nilikuwa kwenye jopo la usaili, nikatoka chumbani kwa sababu wewe ni ndugu. Sikusema neno zuri, sikusema baya. Walipokukataa hukuniuliza, ulinicheka tu kwenye simu ukasema wakubwa mna mambo. Nilidhani yamekwisha.

Ni kweli ulinishikisha kipanya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, ukanipa kiti chako mwenyewe ukasimama nyuma yangu mchana mzima. Wateja walikuuliza kwa nini unapoteza muda na mtoto wa kike, ukawaambia subirini mtaona. Kwa hiyo usinieleze kwamba hujui unachokifanya. Wewe ulijua kabla ya wote kwamba ninaweza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko matusi yenyewe.

Sasa sikia. Wakurugenzi wanakaa mwanzoni mwa Mei. Waandikie, kwa jina lako, kwamba Mhandisi Mkongwe ni wewe na kwamba uliyoyasema ni uongo. Kisha funga hiyo akaunti. Ukifanya hivyo, dada hatajua kamwe. Nitakuja nyumbani, nitakusalimia, tutakula, nitaucheka utani wako. Jicho lake bado bichi na hana mwingine wa kumshika mkono. Sitaki apone macho aone mambo haya.

Barua hii ichome. Yeye msomee yoyote utakayoitunga, wewe ni hodari wa kutunga. Mwambie nimeandika juu ya mvua.

Shemeji yako


28 Aprili

Kitinda,

Herufi ni kubwa na mistari inapanda mlima, vumilia. Huu ni mkono wangu.

Barua yako niliipokea mimi. Mtu wa vifurushi alibisha hodi shemeji yako akiwa ameenda kunyoa. Nikaishika, nikaijua kwa harufu ya gundi, na sikumpa. Utaniuliza kwa nini. Kwa wiki kadhaa nilikuwa ninamsikia anavyonisomea. Anakwenda vizuri, kisha ananyamaza, kama mtu anayeruka dimbwi, kisha anaendelea upande wa pili. Nikimuuliza, anasema mwandiko wako mbaya. Mwandiko wako nilikufundisha mimi kwa rula, haujawahi kuwa mbaya. Nikaanza kumshuku, na kumshuku mtu anayekushika mkono kukupeleka chooni ni kazi nzito, mdogo wangu. Unamkabidhi mkono huku moyo umejifungia.

Nikaificha kwenye kapu la vitambaa. Siku ya kupewa miwani nilikwenda kliniki na jirani, nikakaa kwenye benchi la nje, nikaifungua. Neno la kwanza nililosoma kwa macho yangu mapya ni "Shemeji". Nikadhani nimefungua barua ya mtu. Nikatazama tena bahasha. Jina ni langu.

Nianze na wewe, maana wewe ndiye uliyeniuma kwanza. Ulimwandikia mume wangu anitungie uongo anisomee. Ukataka mpatane bei, yeye akufutie matusi na wewe umfutie mimi. Kwani mimi nilipasuliwa jicho au nilipasuliwa akili? Miaka yote nimekulea nikikuambia usinifiche, na siku iliyokuwa muhimu kuliko zote ukaniona mzigo wa kufunikwa shuka. Najua ulinihurumia. Usinihurumie hivyo tena. Nimekasirika, na nimekasirika nikikupenda, kwa hiyo itachukua muda.

Barua ya tarehe mbili sikuisema hata neno. Siku ile nilimwambia aandike hivi: Mwambie asitoke kwenye kiti, hata wakimmwagia maji. Nikasikia kalamu yake inakwenda, nikaridhika.

Sasa yeye. Nilirudi nyumbani nimevaa miwani. Akafurahi kweli, akanipikia chai. Nikaweka barua mezani. Aliisoma yote amesimama. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba ulikuwa utani wa shemeji. Nikamwambia utani wa shemeji husemwa usoni, na mwenye kutaniwa hucheka wa kwanza. Wewe, nikamwambia, ulivaa koleo.

Ndipo akakaa. Akasema, "Mlango ule niliufungua mimi. Akaingia, akaufunga nyuma yake." Nikamuuliza, angekuwa mvulana uliyemfundisha, ungewaambia watu amepita kwa sura yake? Akakoroga chai. Nikauliza tena. Akasema hapana. Akasema angekuwa mvulana angejivuna naye kila mahali. Alilisema polepole, nadhani alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Nilimwona amezeeka, Kitinda. Nilimhurumia, na huruma hiyo haikunizuia.

Nikamwambia awashe kompyuta. Nikavuta kiti nikakaa ubavuni kwake. Kwanza atoe koleo aweke uso wake. Kisha aandike jina lake alilopewa na baba yake. Kisha chini ya kila alichokuandikia, aandike tena. Nilisoma kila neno kabla hajabonyeza. Mara ya kwanza aliandika, "Natumaini hakuna aliyekwazika." Nikamwambia futa. Akaandika, "Nilidanganya. Mfumo ameuandika yeye. Mimi ni mume wa dada yake na nilimwonea wivu." Nikamwambia hapo sawa, bonyeza. Tulimaliza chai ikiwa imepoa. Barua kwa wakurugenzi wako ameiandika pia, nimeiweka humu, nimeisoma.

Usiniulize juu ya ndoa yangu. Kwa sasa analala chumba cha cherehani. Nitaishona au nitaifumua, lakini kitambaa ni changu na mkasi ninao mwenyewe.

Ninachotaka kwako ni kimoja. Yale maneno yote aliyokuandikia, na waliyokuandikia wengine wenye majina na picha, hakunisomea hata nusu. Ninakuja huko daktari akiniruhusu kusafiri. Nataka uniwekee mbele, niyasome mwenyewe. Usiniondolee hata moja kwa kuninusuru.

Dada yako,
Fundi wa suti, kwa mkono wake


9 Mei

Dada,

Umenichapa na nimekubali. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nilipofika pale pa mzigo na shuka nikakaa. Sina utetezi. Nilidhani ninakulinda, kumbe nilikuwa ninafanya kilekile alichofanya yeye, kukuchagulia ya kusikia. Nisamehe ukiwa tayari, wala usiharakishwe na mimi.

Fundi umeme nimemwomba radhi. Nilimweleza kila kitu. Akasema alijua nina jambo, na kwamba watu wanaokuwa na jambo hawasalimii. Bwana Mapitio naye nilimwambia kwamba nilimshuku. Alinuna siku nzima, akarudisha kazi yangu ikiwa na makosa mawili yaliyowekewa alama nyekundu. Yote mawili yalikuwa makosa kweli.

Jana niliitwa na wakurugenzi. Barua ya shemeji ilikuwa mezani. Walikuwa na furaha, dada, wananikaribisha kiti, wananiuliza kama nataka chai. Mwenyekiti akasema, basi, kumbe yalikuwa mambo ya kifamilia, sasa tunaweza kuendelea. Akasema cheo ni changu. Wakapiga makofi kidogo.

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa muda mrefu, na ilipofika nikasikia hasira imenijaa mpaka masikioni. Nikawaambia ninashukuru. Kisha nikawaambia hivi: Mtu alipokuwa hana jina wala uso, mlimwamini, mkanisimamisha. Alipopata jina na uso, mkamwamini tena, mkaninyanyua. Mimi jina langu na uso wangu vilikuwepo siku zote, na mfumo unafanya kazi kila saa kwenye hospitali zenu, na hakuna aliyeniamini mpaka mwanaume aliponiruhusu. Mambo ya kifamilia ni yepi hapo?

Mwenyekiti akasema tusifukue yaliyopita.

Nikatoa karatasi niliyoichapa, yale maneno ya sakafu na mkeka. Nikaiweka mbele ya mkurugenzi wa ufundi. Nikamwambia, "Hili ulilipenda. Jina lako liko hapa chini. Naomba ulisome kwa sauti, sisi sote tusikie kilichokupendeza." Akatazama karatasi. Akavaa miwani, akaivua. Akasema tena kidole kiliteleza. Nikamwambia sawa, basi soma tu, kusoma hakutelezi. Hakuweza. Masikio yalimwiva mekundu, na mimi sikumwokoa. Zamani ningecheka kidogo ili apumue.

Cheo nimekipokea. Ninaanza Jumatatu, na nimetaka mkurugenzi huyo ndiye anitambulishe mbele ya kitengo chote, kwa mdomo wake, aseme mfumo umeandikwa na nani.

Maneno yote unayoyataka yako tayari, sijaondoa hata moja. Yanasomeka kwa shida, dada, si kwa sababu ya mwandiko. Njoo tu. Tutayasoma pamoja, na majina yaliyo chini yake tutayasoma kwa sauti.

Mdogo wako,
Kitinda